Daraja huzinduliwa, Csound je?

*Mwalimu, shikamoo. Hapa Mukono, Uganda, nafundisha vijana wachache kutengeneza sauti kwa kompyuta, kwa kutumia Csound na SuperCollider. Hatubofyi picha yoyote. Tunaandika amri kwenye terminali, ule ukurasa mweusi wa maandishi matupu. Katika maelezo yangu, pale mwanafunzi anapotakiwa kuifanya programu ianze kazi, nimeandika "zindua Csound". Mwenzangu anataka "kimbiza Csound", na wanafunzi wenyewe husema "tandika Csound". Nani yuko sahihi?*

Marahaba, mwanangu. Hakuna hata mmoja. Ila wanafunzi wako wamenichekesha na wewe umeniudhi, basi naanza na wewe.

Siku hizi hakuna kitu kinachoanza. Kila kitu kinazinduliwa. Kisima kinazinduliwa. Choo cha shule kinazinduliwa. Juma la kunawa mikono linazinduliwa, ingawa mikono ilikuwepo. Hema linakodishwa, viti vya plastiki vinapangwa, mgeni rasmi anachelewa saa tatu, kisha mkasi unaletwa juu ya sinia kama kwamba ni mtoto wa mfalme. Sina neno na hayo. Soda huwa ya baridi. Neno ninalo pale kitenzi hicho kinapotoroka hemani na kujipenyeza kwenye kompyuta.

Asili yake kwa ufupi: zindua ana kiambishi kile kile cha kutengua unachokiona katika ziba na zibua. Zindika ni kuweka kinga ya kiganga. Zindua ni kumgutusha mtu aliyepumbaa au kusinzia, naye akazinduka. Baadaye likaja kubeba maana ya kufungua jambo kwa sherehe, na hiyo nimeshaikubali. Lakini hebu tazama sherehe hiyo inadai nini. Inadai mara moja.

Chukua daraja jipya la Jinja. Lilizinduliwa na Rais Oktoba 2018, na ikawa basi. Tangu siku hiyo malori ya Mombasa yanavuka Nile usiku na mchana na hakuna dereva anayesema amelizindua. Analipita tu, anatafuta kuku wa Namawojjolo. Sasa kijana wako anaandika

csound -odac kengele.csd

anabonyeza Enter, kengele haisikiki. Amesahau mabano. Anasahihisha, anaandika tena. Kengele inalia, lakini kwa sauti ya mbuzi. Anapunguza namba moja, anaandika tena. Kufikia chakula cha mchana ameandika mara arobaini. Kwa Kiswahili chako, mwanangu, hizo ni hafla arobaini. Mgeni rasmi amekwama kwenye foleni ya Banda akielekea hafla ya tatu, utepe umeisha, na mama wa soda anadai pesa yake. Na wakati ule kijana aliposahau hiyo -odac, ambayo ndiyo inayopeleka sauti kwenye spika, Csound ilifanya kazi yake kimya ikaihifadhi sauti kwenye faili. Je, huo tuuiteje? Uzinduzi wa faragha?

Programu yenyewe haina makuu hayo. Barry Vercoe aliiandika huko MIT, Marekani, katika miaka ya 1980, na tangu hapo imezoea kuamriwa kwa maandishi matupu. Haikuwahi kuomba hotuba.

Mwenzako na "kimbiza" lake simwekei maneno mengi. Kukimbiza ni kufukuza. Simama katika soko la Owino useme unakimbiza programu; utaulizwa imeiba nini, na kabla hujajibu watu watakuwa wameokota mawe. Akitaka kitenzi cha kitu kilicho kazini, endesha yupo, na kila mwenye bodaboda anamjua.

Vijana wako wamechota "tandika" kwenye Luganda, ambako okutandika ni kuanza. Sina hasira nao. Lakini wakivuka mpaka na neno hilo wajue kwamba Mswahili hutandika kitanda, hutandika punda, na akikasirika humtandika mtoto bakora. Akisikia "nimemaliza kutandika Csound", ataitafutia maji ya chumvi ikandwe.

Hapo katikati kuna "mstari wa amri", jina ambalo wengine hulipa ule ukurasa mweusi wa kuandikia. Silipendi, lakini naliheshimu. Kwa Mganda wa rika langu, Kiswahili chenyewe kilikuwa mstari wa amri: kilitoka kwa askari, nasi tulijibu kwa kuchuchumaa. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, wako waliosoma habari hiyo wakiwa bado wamechuchumaa.

Basi uandike nini? Wengi watakuambia "fungua". Ni neno zuri mahali penye dirisha. Lakini andika pd -nogui, na Pure Data, programu nyingine ya sauti, itakuja bila dirisha lolote, umefungua nini? "Anzisha" linapita, ingawa mimi likinijia naona mtu anaanzisha shule au duka la simu. Mimi nasema *ita*. Unachofanya pale ni kuandika jina la programu, nayo inaitika. Ukikosea jina, unajibiwa kwamba hakuna mwenye jina hilo, sawa na kuita "Wasswa!" kwenye nyumba isiyo na pacha. Ita Csound kwa faili ya kengele. Ita Pure Data bila dirisha. Iite, kisha uiendeshe, kisha uisimamishe kwa Ctrl na C.

Najua hutanitii kikamilifu, kwa sababu umetaja SuperCollider, na hapo nalegea kidogo. Ukiita sclang, lugha yake ya kuandikia amri inakuja lakini sauti bado. Mpaka uandike s.boot ndipo scsynth, seva yenyewe ya sauti, inapoamka na kukaa kwenye mlango wake wa mawasiliano, namba 57110, ikingoja maagizo. Kitu kilichokuwa kimepumbaa kimegutushwa. Ukiniandikia hapo "zindua seva", kwa maana ile ya zamani, nitanuna kidogo kisha niendelee na chai yangu.

Bila utepe.