Barua kwa mwanangu: kwa nini Bangkok, si Dubai

Mwanangu Zuhura,

Wa alaykumu salaam, na shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Ujumbe wako niliusoma nikiwa dukani, wateja wamejaa, na jambo lenyewe si la kujibiwa kwa kidole gumba. Umeniuliza: "Mama, nimepata likizo na akiba kidogo ipo. Wenzangu wote ofisini wanakwenda Dubai. Wewe kila siku Bangkok, Bangkok. Kuna nini huko zaidi ya zile nguo ulizokuwa ukifuata?" Nakujibu kama mtu aliyekwenda kwa kazi, maana matembezi yangu yote niliyafanya mzigo ukishafungwa na kufikishwa kwa watu wa kago.

Dubai sina ugomvi nayo. Utapanda jengo refu, utapiga picha, utarudi. Lakini kule vitu vingi vimewekwa nyuma ya kioo na kiyoyozi, na mwenye hela ndogo anabaki kutazama. Bangkok mambo yako nje, barabarani na majini, na asiye na kitu anakula chakula kilekile kitamu anachokula mwenye gari. Mimi sababu yangu ni hiyo tu.

Sisi wa Kariakoo tulikuwa tukifikia Pratunam, kwenye vivuli vya jengo la Baiyoke, kwa kuwa soko la nguo la jumla liko palepale. Ukichukua vipande vitatu unapewa bei ya jumla. Muuzaji anakuandikia bei kwenye kikokotoo, unafuta unaandika yako, anacheka, anafuta. Utakutana na Wanaijeria, Wahindi, Wakongo, na usishangae ukisikia Kiswahili kwenye lifti. Ila wewe huendi kufunga mizigo. Wewe shuka moja kwa moja mpaka kwenye mfereji.

Unaitwa Saen Saep. Ulichimbwa kati ya 1837 na 1840, enzi za mfalme Rama wa Tatu, ili askari na vifaa vyao wafike upesi upande wa Kambodia alikokuwa akipigana na Wavietnam. Leo ni njia ya watu wa kwenda kazini. Maji yake meusi, na harufu, nisikufiche, si ya waridi. Boti ndefu inakuja kwa kishindo, inagusa gati, hawa wanaruka kutoka, hawa wanaruka kuingia, imeshaondoka. Ubavuni kuna turubai la nailoni lenye kamba. Aliyekaa ukingoni ndiye anayevuta kamba kulipandisha maji yanaporuka, kisha analishusha gati likikaribia ili watu wapite, na hakuna anayemwagiza mwenzake. Makonda wamevaa helmeti na wanatembea nje kabisa, juu ya ukingo wa boti, mkono mmoja umeshika kamba na mwingine unapokea nauli. Daraja likiwa chini sana, paa zima linateremshwa nao wanainama. Nauli yenyewe haifiki bei ya soda ya hotelini. Humo nimekaa kati ya kijana wa suti na mama mwenye kapu la mboga, na wote watatu tuliloa.

Boti ikitoka Pratunam kuelekea mji mkongwe, utapita mtaa uitwao Ban Khrua. Hawa ni Waislamu wenye asili ya Kichamu, kabila la huko Vietnam na Kambodia, wazee wao walimpigania Rama wa Kwanza, yule aliyeuhamishia mji mkuu Bangkok mwaka 1782, naye akawapa ardhi hapo. Walikuwa wafumaji wa hariri. Baada ya Vita Kuu ya Pili Mmarekani mmoja, Jim Thompson, aliinunua hariri yao na kuitangaza mpaka Ulaya na Marekani, akajenga nyumba yake ng'ambo ya mfereji, ikitazamana nao. Mwaka 1967 alitoka kutembea kwenye milima ya Cameron, Malaysia, na hajaonekana tena mpaka leo. Nyumba yake sasa ni makumbusho, watalii wanapanga foleni, na wengi wao hawavuki mfereji. Wewe vuka. Vichochoro ni vyembamba, msikiti upo, na ufumaji haujafa kabisa.

Najua swali lako la pili ni chakula, maana wewe hata Iringa ulikwenda na kontena la wali. Nguruwe yupo, tena kwa wingi, kwenye supu na kwenye tambi, kwa hiyo usile kwa kukisia. Tafuta alama ya halali, au mtafute mama aliyejifunga hijabu mbele ya sufuria la wali wa manjano. Ule ni khao mok, biriani yao: kuku kafukiwa ndani ya wali, juu vitunguu vya kukaanga, pembeni matango na sosi ya kijani yenye ukali na utamu pamoja. Mchuzi wa massaman nao ujaribu. Utakuta humo mdalasini, iliki na karafuu, na tui la nazi zito ambalo bibi yako asingelitia dosari.

Halafu kuna muuza chapati wa mkokoteni. Simama umtazame kabla ya kununua. Anachukua kidonge cha unga kilicholowa mafuta, anakipigapiga juu ya bati na kukirusha mpaka kinakuwa chembamba unaona upande wa pili, anakitupia kwenye chuma cha moto, anavunja yai katikati, anakatia ndizi, anakunja pembe nne. Kikiiva anakikata vipande kwa kisu kipana na kumwagia maziwa ya kopo. Usile saa za kwenda kulala.

Matunda utadhani uko Unguja: shokishoki, duriani, mafenesi, yote kwa kilo. Duriani uile hukohuko nje. Hoteli nyingi zimebandika tangazo la kuipiga marufuku mlangoni, na wana haki.

Hata wakaguzi wa Michelin, wale wanaozipa nyota hoteli za chakula bora, walipotoa kitabu chao cha kwanza cha Bangkok mwishoni mwa 2017, walimpa nyota mama mmoja aitwaye Jay Fai, anayekaanga mayai yaliyojazwa kaa kwenye jiko la mkaa huku amevaa miwani mikubwa ya watu wa theluji. Foleni yake usijisumbue nayo, na bei yake siku hizi ni ya wenye nazo. Mtaa wa pili utapata mama mwingine asiye na nyota wala foleni.

Lakini usidhani wachuuzi wa kule wamestareheshwa. Tangu 2014 wakuu wa jiji wamewaondoa wengi kwenye barabara kubwa, na wauza maua wa soko la Pak Khlong Talat waliokuwa wakipanga njiani nao waliondolewa. Wamachinga wetu walipohamishwa 2021 niliwakumbuka sana wale mama. Soko la maua lenyewe lipo, usiku na mchana. Nenda alfajiri. Utakuta asumini ya kuuzwa kwa kilo, na wanawake wanaitunga kwa sindano ndefu bila kuangalia mikono yao. Ndiyo hii asumini yetu ya vikuba, ila wao hawaivai kwenye nywele, wanaitundika kwenye kioo cha bajaji na kuwatolea masanamu yao.

Mahekalu ni mengi na mimi sikutaka kuyamaliza. Wat Pho kuna sanamu ya Buddha aliyelala, urefu wake mita 46. Tazama nyayo zake, halafu toka nje. Nitakalokusisitizia ni Wat Arun, ng'ambo ya mto Chao Phraya. Unavuka kwa kivuko cha sarafu chache. Ukiwa mbali utaona mnara wa rangi ya kijivu tu. Ukikaribia unagundua umefunikwa vipande vya sahani na vikombe vya Kichina, vimekatwa na kupangwa vikawa maua. Unakumbuka tulipokupeleka Kunduchi ukiwa shule ya msingi, kwenye makaburi ya nguzo yaliyopachikwa mabakuli ya Kichina, ukauliza mabakuli yamefikaje ukutani? Vyombo vya Wachina vilisafiri pande zote mbili za bahari hii. Huku wazee walivipachika makaburini, kule wakafunika mnara mzima. Chukua kanga ya kujitanda, kwa kuwa mabega na magoti lazima yasitirike, na viatu unavua kabla ya kuingia ndani.

Ukikaribia Kasri Kuu atakujia mtu mtanashati, Kiingereza kizuri, akwambie leo limefungwa kwa ibada, na kwamba kuna bajaji ya bei poa ya kukuzungusha. Halijafungwa. Bajaji hiyo mwisho wake ni duka la vito. Nawe utoke Tanzania uende kuuziwa tanzanite Bangkok, tutaficha wapi nyuso zetu?

Jingine la kushika: habari za mfalme usizitie mdomoni wala kwenye simu, hata kwa utani. Kuna sheria, na kifungo chake ni kuanzia miaka 3 hadi 15 kwa kosa moja. Saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa ukipigwa stesheni au bustanini, simama wanavyosimama wenyewe.

Usafiri hautakushinda. Treni ya juu ipo tangu 1999, na bodaboda zao wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa, wanakaa kwenye kona za vichochoro. Ila pikipiki, mwanangu, panda pale tu ambapo miguu imegoma. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau nyumbani, kwa wanaotoka kwetu wanaiulizia pale uwanjani.

Miezi mizuri ni kuanzia Novemba mpaka Februari, jua likiwa na huruma. Kama ofisi itakupa Aprili, basi ujue utakwenda kwenye joto kali, lakini pia kwenye Songkran, mwaka mpya wao, tarehe 13 mpaka 15. Mji mzima unamwagiana maji: watoto wana bunduki za plastiki, wazee wana ndoo, vijana wamepakia mapipa nyuma ya pikapu. Hakuna wa kumlalamikia. Simu na pasipoti vitie kwenye mfuko wa nailoni, usivae nyeupe, na ununue bunduki yako siku moja kabla, maana siku yenyewe bei inapanda.

Mama yako