Flati ndani ya nyumba ya kale? Weka brashi chini kwanza

Kama umepata kaflati kwenye zile nyumba za kale, jumba moja la familia lililokuja kukatwakatwa wakae watu watano, naomba usikimbilie rangi. Mi nilikimbilia. Wiki ya kwanza tu nishanunua ndoo mbili za rangi na hata sijui maji yangu yanafungiwa wapi, nikaja kujua siku bomba limepasuka, kumbe geti valvu, ile koki kubwa ya kufungia maji, iko kwa jirani na jirani mwenyewe kasafiri.

Kwa hiyo kabla ya fundi yeyote, zunguka uulize: maji yanafungiwa wapi, meni swichi ipi ya nani, majitaka yanashukia wapi. Soma na karatasi za umiliki, maana mara nyingi ndani ni kwako ila paa, boriti na kuta kubwa ni za wote, ukigusa bila ruhusa ya maandishi umejitafutia kesi.

Sasa bafu, hapa ndo nilipochoka. Nilitaka shawa ihamie upande wa dirisha, mita 3 tu. Fundi bomba wa kwanza akasema hamna shida (hawa wa hamna shida waogope). Wa pili, mzee mtaratibu, akalaza pima maji sakafuni, akaniuliza, "Mwanangu, maji yatashukaje?" Bomba la majitaka linataka mteremko, yeye anaweka kama sentimita 2.5 kila mita, kwa hiyo mita 3 ni sentimita 7.5, bado unene wa bomba lenyewe, na chini ya zile mbao nafasi hiyo hamna labda ukate boriti. Na boriti hukati aisee, ndo imeshika dari ya mtu wa chini. Ama upandishe sakafu ya bafu ama uache. Niliacha.

Kuta nazo zina mambo. Ukigonga ikalia debe, mara nyingi ni kizigeu tu, yaani ukuta mwepesi wa kugawa chumba, ila usibomoe kwa kusikiliza mlio, kuna za mbao zimebeba mzigo, mlipe injinia aangalie. Halafu nyumba hizi nyingi zina lipu ya chokaa, inapumua, unyevu unaingia na kutoka. Mimi pale ilipobanduka nikapiga simenti, juu yake rangi ya mafuta, nikajiona fundi. Baada ya miezi minne doa la kahawia hilo, rangi imevimba mapovu, ukigusa inadondoka na chengachenga. Nikabandua yote nikarudishia chokaa na rangi inayopitisha hewa, na hapo unasubiri chokaa ikauke kweli kabla ya rangi, wiki kadhaa, siyo siku mbili.

Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi (ile metali yenye sumu, siyo ya bunduki), kwa hiyo msasa mkavu hapana, vumbi lake ni sumu, hasa kama una watoto. Bodi au vigae unavyohisi vina asbesto (nyuzi za madini, vumbi lake linadhuru mapafu) usivivunje, vipimwe kwanza.

Na zile ndoo mbili? Nilipofika kwenye kupaka, moja ilikuwa imeshaganda.