Pikipiki mtoni wakati wa masika: maswali yenu

Mimi ni afisa ugani, Malinyi. Natumia Yamaha DT 125. Maji yakifika magotini injini inazimika, lakini nikifungua naikuta filta ya hewa kavu na plagi kavu. Tatizo ni nini?

Kabureta imekosa pumzi. Chuchumaa uitazame: kuna mipira myembamba inayoning'inia hadi chini ya injini. Mmoja humwaga petroli inayozidi, mingine hupitisha hewa kwenye kikombe cha petroli. Ncha zake zikizama, hewa haiingii, petroli haipandi kwenye jeti (kitundu chembamba kinachoipitisha kwenda kwenye injini), injini inakohoa na kufa. Wengi hapo hununua plagi mpya bure.

Tafuta kiungo kidogo cha plastiki chenye umbo la T na mpira wa petroli wa nusu mita. Kata mpira wa hewa karibu na kabureta, pachika hiyo T. Tawi moja libaki linashuka kama zamani, la pili lipandishe hadi chini ya tenki na ulifunge kwenye fremu. Ule wa kumwagia usiuzibe kamwe, maana boya la kabureta, linalozuia petroli isizidi, likikwama petroli yote itaishia ndani ya injini. Ukiwa hapo hapo, fuatilia pia mpira wa kupumulia wa sanduku la gia. Injini ya moto ikipoa ghafla majini huvuta ndani, na kama ncha ya mpira huo iko chini, itavuta maji hadi kwenye oili ya gia.

Naendesha bodaboda Garsen. Pikipiki ililala mtoni, tukaitoa, nikapiga stata. Ikasema "ta!" ikagoma. Fundi anadai konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, imepinda. Ananidanganya?

Pole sana ndugu yangu. Huenda anasema kweli, ila mwambie afungue uone kwa macho yako kabla ya kulipa. Hewa inabanika, maji hayabanwi. Pistoni ikipanda na kukuta maji juu yake, kitu lazima kipinde, na mara nyingi ni konrodi.

Safari nyingine, pikipiki ikilala zima swichi papo hapo, na stata usiiguse. Ivute nchi kavu, uifungue plagi, weka gia ya juu, uisukume taratibu mbele na nyuma. Utaona maji yakiruka kwenye tundu la plagi kama mtu anayetema. Endelea hadi yaishe. Fungua skrubu ya chini ya kabureta uimwage, kamua filta, inamisha pikipiki nyuma ekzosi itoe maji yake. Kisha angalia oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiiwashe hata kwa dakika moja. Imwage, weka mpya, iwashe kidogo, halafu badilisha tena. Ni gharama, najua, lakini kufungua injini nzima ni gharama kubwa zaidi.

Nipake grisi kwenye kofia ya plagi?

Ndiyo, ile ya silikoni, kidogo, ndani ya ukingo wa mpira. Ya beringi hapana, inalainisha mpira.

Nitajuaje mto unavukika? (Msomaji, Utete)

Uvuke kwa miguu kwanza, ukiwa na fimbo, ukipapasa mashimo. Pale wenyeji wanapotaja mamba, usiingie. Ukinyanyua mguu mmoja na maji yakakuyumbisha, pikipiki haipiti. Matairi yana upana wa kutosha kusukumwa na mkondo, hata kina kikiwa kidogo. Ukiamua kuisukuma, kaa upande maji yanakotoka, ili ikianguka isikulalie. Ukitoka, bana breki kidogo kidogo huku ukienda, hadi zishike.

Na kama kuna mtumbwi, lipa. Vusheni pikipiki kwa mtumbwi, ilazwe ubavu na kufungwa kamba, na bomba la petroli lifungwe kabla ya kuilaza.