Mkuu usinunue, hiyo nguzo ndefu ya voliumu inaweza kuwa dili moja tu

Simama hapo hapo. Umeuliza OBV na MFI, zile indiketa (vipimo vya kwenye chati) zinazotumia voliumu, yaani idadi ya hisa zilizobadilishana mikono kwa siku, inayochorwa kama nguzo, ipi ni nzuri na uweke siku ngapi, halafu chini kabisa unatupia kama utani kwamba kesho unaingiza milioni 4 za mkopo wa VICOBA kwenye kaunta moja (hisa za kampuni moja) ya DSE, Soko la Hisa la Dar es Salaam, eti kwa sababu voliumu imelipuka mara 40. Mlipuko kama huo ndo ulinila mimi.

Nilikuwa nimeuza kiwanja changu cha Nala, hela bado ya moto, na nimetoka semina ya siku mbili hapa hapa Dodoma mjini, jamaa kavaa suti nzito kwenye jua la mwezi wa kumi, anatuchorea chati ukutani huku anasema "voliumu haidanganyi, voliumu ni nyayo za tembo." Laki na nusu nimelipa, nimepata cheti na sambusa mbili. Nyayo za tembo! Tembo alishapita kaenda zake, mimi nimebaki naokota kinyesi.

Sasa sikia. Kaunta niliyoingia mimi siku za kawaida zinatembea hisa 300, 800, siku nyingine sifuri kabisa. Ghafla siku moja hisa milioni 1.2, bei jana yake 480 leo imefunga 482, OBV ikapaa. Na OBV haina akili nyingine, bei ikifunga juu ya jana inajumlisha voliumu YOTE ya siku, ikifunga chini inatoa yote, hata tofauti ikiwa shilingi moja. Joseph Granville, mchambuzi wa hisa wa Marekani, aliitangaza mwaka 1963 kwa soko la Marekani ambako hisa zinabadilishana mikono kutwa nzima. Huku kwetu wakubwa wawili wanaelewana pembeni, mmoja anaachia fungu zima mwingine anabeba, inapitishwa sokoni, imeisha hiyo. Mimi nikaona umati.

Nikampigia broka Dar, nipe 12,000 kwa 490. Akauliza una uhakika kaka? Nikamjibu kwa sauti ya mtu mwenye cheti. Siku ya pili nafungua chati naona nguzo nyingine ya kijani, nikamwita wife, njoo uone, na wengine wameanza kuingia! Zilipita kama wiki tatu ndo nikagundua ile nguzo ni mimi. Zile 12,000 ni zangu. Nilikuwa nashangilia kivuli changu.

Kuuza sasa. Upande wa wanunuzi yupo mtu mmoja tu, anataka hisa 200, kwa 410. Nikakomaa miezi saba, ada ya shule ikabisha hodi, nikatoka kwa 365. Piga hesabu, 5,880,000 imerudi 4,380,000, hapo bado kamisheni ya kununua na ya kuuza. Kile kiwanja aliyenunua kashapaua, nikipita na daladala naangalia upande wa pili wa barabara.

Kwa hiyo kabla hujagusa indiketa yoyote angalia IDADI YA MIAMALA. Hisa milioni kwa miamala 2, hao ni watu wanaojuana. Hisa hizo hizo kwa miamala 150, hapo tunaweza kuongea. Ukimaliza angalia foleni, wanunuzi wanaosubiri ni hisa ngapi na wauzaji ni ngapi, maana hao ndo watakaokupokea siku unataka kutoka. Siku hizi nikiona nguzo ya dili moja naifuta kabisa kwenye hesabu, OBV naipiga upya mwenyewe kwenye Excel, na mara nyingi ule mlima unageuka tambarare. MFI nayo inakula voliumu hiyo hiyo, usidhani itakuokoa.

Ripoti ya soko ya siku ile voliumu ya kaunta yako ilipolipuka ipo, itafute, soma safu ya miamala, halafu rudi uandike hapa ni mingapi. Na fomu ya mkopo usiisaini leo.