Minyoo ya farasi: maswali yenu ya wiki hii

Kila miezi miwili nawapiga dawa ya minyoo wote, na bado mmoja anakonda. Dawa ni feki?

Si lazima iwe feki, huenda minyoo wako washaizoea, na hiyo ratiba ya kila miezi miwili ndo iliyowazoesha. Beba mavi mabichi ya kila farasi yakahesabiwe mayai ya minyoo, toa dawa kwa aliyezidi, alafu pima tena baada ya siku 14, idadi isiposhuka sana basi hiyo dawa imegoma. Kwa farasi wakubwa wengi hutumia mayai 200 kwa gramu ya mavi kama mpaka wa kutoa dawa. Utashangaa, kwenye kundi kama mmoja kati ya watano ndo anamwaga karibu asilimia 80 ya mayai yote. Na huyo anayekonda mwangalie meno pia jamani, sio kila kitu minyoo.

Kuokota mavi malishoni kunasaidia kweli au ni kujichosha tu?

Kunasaidia kuliko hiyo dawa unayomsukumia mdomoni. Yai linaangukia ndani ya donge la mavi, linaanguliwa humo humo, kukiwa na joto na unyevu ndani ya kama wiki moja hivi kijiminyoo kiko tayari, kinatoka na maji ya mvua au umande kinapanda jani, farasi anakuja anakula. Sasa ukipita na toroli na reki mara mbili kwa wiki unakuwa umekiwahi kabla hakijatoka. Mi mwenyewe nililalamika sana mwanzoni, mgongo uliniuma, lakini zile sehemu za majani marefu ambazo farasi walikuwa wanazikwepa kwa sababu ya mavi wakaanza kuzila, yani malisho yaliongezeka bila kununua hata shamba. Ila usirudishe hiyo samadi mbichi malishoni, irundike ioze vizuri mpaka ipate moto.

Na nikiyatawanya tu na trekta?

Kukiwa na jua kali na ukavu sawa, alafu usiwaingize farasi humo wiki kadhaa. Kukiwa na ubaridi na unyevu umewasambazia minyoo shamba zima, na humo wanaishi miezi.

Nichanganye farasi na ng'ombe malishoni?

Changanya, au wapishane. Minyoo wengi wa farasi wakiingia kwa ng'ombe wanafia humo. Punda ndo wa kuangalia, anaweza kubeba minyoo ya mapafu bila hata kukohoa akamwachia farasi.

Mtoto wa farasi ana miezi minne, tumbo kubwa, manyoya hayang'ai. Nimpe dawa kali?

Ngoja kwanza! Hao huenda ni wale minyoo wakubwa weupe, na wakiwa wengi wakafa kwa mpigo wanaweza kuziba utumbo. Ita daktari wa mifugo achague dawa. Alafu mwakani watoto wapeleke uwanja mwingine, mayai ya hao jamaa yanakaa kwenye udongo miaka.