Andiko la 320 lisikudanganye: kulisoma faili la muziki kabla ya kulihifadhi

Wengi wakiona kbps 320 (yaani biti elfu 320 za data kwa kila sekunde ya sauti) kwenye faili la MP3 huridhika papo hapo, bila kuuliza faili lenyewe lilitoka wapi. Mtu yeyote anaweza kuchukua wimbo wa kbps 128, akaupitisha kwenye programu ya kubadilisha mafaili na kuuhifadhi upya kwa 320. Faili litanenepa mara mbili na nusu, lakini kilichokatwa mwanzo hakirudi. Sauti hata huharibika kidogo zaidi, maana kila MP3 inapotengenezwa upya, kodeki, yaani mtambo wa programu unaobana na kufungua sauti, hukata tena.

Hesabu zote hizi zinaeleweka ukianzia kwenye CD. Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo, yaani sampuli, huandikwa kwa biti 16, kwa chaneli mbili, ya kushoto na ya kulia. Zidisha 44,100 kwa 16, kisha kwa 2: unapata biti 1,411,200 kwa sekunde. Ndiyo maana faili la WAV lililotolewa kwenye CD huonyesha bitireti, yaani idadi ya biti kwa sekunde, ya kbps 1,411, na wimbo wa dakika nne ukala takriban MB 42.

Hapa ndipo watu huchanganya biti na baiti. Herufi ndogo b ni biti, kubwa B ni baiti, na baiti moja ni biti 8. Kbps 320 basi ni KB 40 kwa sekunde, sawa na MB 2.4 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wa 320 halisi lazima ukaribie MB 9.6. Ukiletewa wa MB 4 tu wenye “320” kwenye jina, jina hilo ni uongo mtupu, huna haja hata ya kuusikiliza.

Kuhusu namba kubwa kama biti 24 na kHz 96 (sampuli 96,000 kwa sekunde), kuwa mpole na pochi yako. Sampuli za kHz 44.1 hubeba masafa, yaani mitetemo ya sauti kwa sekunde, mpaka kHz 22.05, na sikio la binadamu huishia karibu na 20, tena hupungua kadiri umri unavyosonga. Kila biti huongeza takriban desibeli 6 kati ya mlio mkubwa na mdogo kabisa, kwa hiyo biti 16 hutoa kama 96. Biti 24 zina kazi kubwa studio, ambako fundi hurekodi kwa sauti ya chini ili isipasuke, kisha akaipandisha baadaye. Kwa kusikiliza tu, 16 zinatosha.

Mafamilia ya mafaili ya sauti ni matatu. WAV na AIFF kwa kawaida hazibani kitu. FLAC na ALAC hubana bila kupoteza: ukifungua, kila biti hurudi ilivyokuwa, na faili hupungua mara nyingi hadi kati ya nusu na asilimia 70 ya WAV. MP3, AAC na Opus hubana kwa kutupa sehemu ambazo sikio haliwezi kuzitambua kwa urahisi. Angalia sana .m4a, kwa kuwa hilo ni jina la kasha tu. Ndani yaweza kukaa AAC au ALAC. Lifungue kwa programu ya MediaInfo uone kodeki. Kubadilisha jina la faili kutoka .mp3 kuwa .flac hakubadilishi chochote ndani yake.

FLAC nayo yaweza kuwa imetengenezwa kutoka MP3. Itie kwenye programu ya Spek, ambayo huchora masafa ya wimbo mzima. MP3 ya 128 kwa kawaida hukatwa karibu na kHz 16, na mchoro huonyesha ukingo ulionyooka kama uliopigwa rula. Tahadhari: rekodi ya zamani au ala tulivu huweza kukosa masafa ya juu kihalali, ila yenyewe hufifia polepole. Tafuta ule mkato mkali, usihukumu kwa urefu wa mchoro peke yake.

Utaratibu unaofaa ni kutunza FLAC kama nakala mama, kisha kutoa nakala za simu kutoka humo, kamwe si MP3 kutoka MP3. Kwa ffmpeg, programu ya kubadilisha mafaili inayoendeshwa kwa kuandika amri:

ffmpeg -i wimbo.flac -c:a libmp3lame -q:a 2 wimbo.mp3

Hiyo 2 ni ubora wa bitireti inayobadilika, wastani wake ukizunguka kbps 190. Kodeki hutumia biti nyingi kwenye sehemu nzito na kubana matumizi penye ukimya. Ukiweka 0, wastani hufika karibu 245. Mara nyingi sioni sababu ya kung'ang'ania 320 isiyobadilika.

Kwa nini nakala mama isiwe WAV? Kwa sababu ya lebo. Jina la msanii, albamu na picha ya jalada hukaa vizuri ndani ya FLAC, wakati kwenye WAV vichezeshi vingi haviziandiki wala kuzisoma kwa namna moja, na ukihamisha mafaili unabaki na “Track 01” kumi na mbili.

Na kama unasikiliza kwa vipokea sauti vya Bluetooth, jua kwamba kwa kawaida sauti hubanwa upya njiani kabla ya kukufikia. Huko nakala ya -q:a 2 inakutosha. FLAC iache kwenye diski.