Kuhusu fomu za Ford zinazouzwa Chake

Yakhe, umeniuliza kama ununue fomu za ufadhili wa masomo wa Ford zinazouzwa hapo Chake Chake, Pemba: usitoe hata senti. Hizo fomu za Ford unazouziwa elfu 20 ni za programu iliyokwisha zamani. Ford Foundation, wakfu binafsi wa Marekani, ilianza mwaka 2001 kusomesha watu shahada za juu popote walipopata chuo. Tanzania ilikuwa moja ya nchi 22. Ilipofika 2013 wakafunga, wamesomesha zaidi ya watu 4,000. Uzuri wake ilitafuta watu wa pembezoni, si wenye alama za juu tu, na kwa watu wa Pemba hapo ndipo ilipokuwa raha.

Sasa hivi, kama matokeo yako ni makali kweli, tazama Gates Cambridge, ufadhili wa kusomea shahada za juu Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Ada, nauli, pesa ya kujikimu, vyote wao. Unaomba ndani ya fomu ileile ya chuo, kwenye mtandao, hakuna wakala.

Kinachoangusha wengi wetu ni barua za walimu za kutupendekeza. Mwalimu wako wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, akiandika "kijana mwenye adabu, anahudhuria vipindi", umekwenda na maji. Mpelekee ile tasnifu yako ya mwani, mkumbushe uligundua nini na nani alifaidika, tena mapema. Ukimgongea wiki ya mwisho atakubadilishia jina tu kwenye barua ya mwenzio wa mwaka jana. Na huyo muuza fomu muulize tarehe ya mwisho ya kuomba, umsikie atakavyobabaika.